MRI ya matiti: ni ya nani, na inasaidia nini?

Mwanamke aliyempoteza mama yake au dada yake kwa saratani ya matiti huishi na swali ambalo halimwachi: je, nami itanifikia? Baadhi hunyamaza na kumwachia Mungu. Wengine husikia kwamba kuna kipimo kikubwa kiitwacho MRI, wakaenda kwa chama kukopa pesa za kukilipia hata kabla ya kuuliza kama kinawafaa. Makala haya yanaeleza kipimo hicho ni kitu gani, ni wanawake gani wanaokihitaji, na mkazi wa Free Area, au wa sehemu nyingine yoyote katika Kaunti ya Nakuru, aanzie wapi.

Jibu fupi ni hili. MRI ya matiti si kipimo cha kila mwanamke. Ni kipimo cha mwanamke ambaye hatari yake ya kupata saratani ya matiti ni kubwa kuliko kawaida. Na jambo la kwanza linaloonyesha kama wewe uko katika kundi hilo si mashine. Ni historia ya familia yako, na unaweza kuanza kuikusanya leo bila kulipa hata shilingi moja.

Kwa nini tunalizungumzia jambo hili

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, yalionyesha kwamba mwaka wa 2020 wagonjwa wapya nchini walikuwa 6,799, na waliofariki walikuwa 3,107. Wengi wao hufika hospitalini wakati ugonjwa umekwisha kuenea, na hapo matibabu huwa marefu, ya gharama kubwa, na matumaini hupungua. Saratani ya matiti ikigunduliwa ingali ndogo, wagonjwa wengi hutibiwa na kurudi kwa kazi zao na familia zao.

Tena, wanawake wengi wa Kenya huugua wakiwa bado na umri wa kulea watoto, kabla ya kufikisha miaka 50. Katika umri huo titi huwa na nyama nzito, na nyama hiyo huifanya saratani ndogo iwe ngumu kuonekana kwa mamogramu, yaani eksirei ya matiti. Ndiyo sababu ni muhimu kumjua mapema mwanamke aliye katika hatari kubwa, ili apate kipimo kinachomfaa.

Hatari ya kawaida na hatari kubwa

Kila mwanamke ana kiasi fulani cha hatari ya kupata saratani ya matiti, na hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Wagonjwa wengi hawana mtu mwingine katika familia aliyewahi kuugua. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, ni 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa wao umetokana moja kwa moja na kasoro ya jeni waliyorithi kwa mzazi. Kwa hiyo, kutokuwa na mgonjwa katika familia hakukukingi, na kuwa na jamaa mmoja aliyeugua hakumaanishi kwamba nawe lazima utaugua.

Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili, tunayoyapokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Jeni mbili zinazojulikana zaidi katika ugonjwa huu zinaitwa BRCA1 na BRCA2. Mwaka wa 1990 mwanasayansi Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali BRCA1 inapokaa. Jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka wa 1994, na BRCA2 ikafuata mwaka wa 1995. Kazi ya jeni hizi ni kusaidia chembe kujirekebisha zinapoharibika. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, makosa hujikusanya, na saratani hupata nafasi.

Mwanamke aliyerithi kasoro ya BRCA1 au BRCA2 ana hatari kubwa sana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye kasoro hiyo, takriban 70 watapata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80. Jeni hizi pia huongeza hatari ya saratani ya ovari.

Mzazi mwenye kasoro hii anaweza kumpa kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu juu. Na mzazi huyo anaweza kuwa baba. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: huhesabu wagonjwa wa upande wa mama peke yake na kusahau shangazi na nyanya wa upande wa baba. Mwanamume anaweza kubeba kasoro hiyo, asiugue maisha yake yote, na kuwarithisha binti zake. Wanaume wachache pia huugua saratani ya matiti wao wenyewe.

Ni nani anayefaa kufikiriwa kwa MRI?

Miongozo ya kimataifa huwapendekezea MRI ya matiti kila mwaka, pamoja na mamogramu, wanawake wa makundi haya:

• Aliyepimwa na kupatikana na kasoro ya BRCA1 au BRCA2.
• Ambaye mzazi wake, ndugu yake au mtoto wake ana kasoro hiyo, na yeye mwenyewe bado hajapimwa.
• Ambaye daktari, kwa kutumia historia ya familia, amekadiria kwamba hatari yake katika maisha yote ni asilimia 20 au zaidi.
• Aliyetibiwa kwa mionzi kifuani akiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30, kwa mfano kwa sababu ya saratani ya tezi za limfu.

Tuliweke wazi jambo moja hapa, kwa sababu huwatia watu hofu. Mionzi inayotajwa ni ile ya tiba ya saratani. Eksirei ya kawaida ya kifua, kama ile mtu anayopigwa akichunguzwa kifua kikuu au nimonia, haihesabiwi.

Kwa wenye kasoro ya BRCA, MRI huanza kati ya umri wa miaka 25 na 30, na mamogramu huongezwa kuanzia miaka 30. Baadhi ya madaktari hupanga vipimo hivyo viwili kwa zamu, kimoja kila baada ya miezi sita, ili titi lisikae mwaka mzima bila kuangaliwa.

Kwa mwanamke wa hatari ya kawaida, utaratibu ni mwingine. Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka wa 2018 unapendekeza mamogramu kila mwaka kwa wanawake wa miaka 40 hadi 55, na kila baada ya miaka miwili kwa wa miaka 56 hadi 74. Mwanamke huyu hahitaji MRI ya kila mwaka, na hakuna sababu ya kuingia katika deni kwa ajili yake.

Anza na karatasi na kalamu

Chukua karatasi. Andika jina lako katikati. Juu yake andika mama na baba, kando yako ndugu zako, chini yako watoto wako. Kisha panda juu: nyanya na babu wa pande zote mbili, na ndugu za wazazi wako wote. Kwa kila mmoja aliyeugua saratani, andika mambo matatu: ilikuwa saratani ya wapi, aliugua akiwa na umri gani, na kama ilikuwa titi moja au yote mawili.

Huenda usipate majibu kwa urahisi. Katika familia nyingi ugonjwa huu hautajwi kwa jina. Utaambiwa kwamba marehemu alikuwa na kidonda kifuani kisichopona, au kwamba alikuwa amerogwa, au utaambiwa tu kwamba aliugua sana. Waulize wazee kwa upole, na uwaeleze kwamba si kufukua yaliyopita bali ni kuwakinga wasichana waliobaki. Kama kuna kadi au faili ya zamani ya hospitali imehifadhiwa kwenye sanduku, iombe. Majibu ya maabara ya jamaa aliyeugua yanaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya watu kumi.

Mambo yafuatayo yakionekana kwenye karatasi yako, mwonyeshe daktari:

• Jamaa wa karibu aliyepata saratani ya matiti kabla ya miaka 50.
• Jamaa wawili au zaidi wa upande mmoja walioipata.
• Jamaa aliyepata saratani katika matiti yote mawili.
• Jamaa yeyote aliyepata saratani ya ovari.
• Mwanamume katika familia aliyepata saratani ya matiti.
• Saratani ya kongosho, au ya tezi dume iliyokuwa kali, pamoja na ya matiti upande huohuo wa familia.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanamke wa miaka 33 anauza mboga kando ya barabara hapa Free Area. Mama yake alifariki Molo akiwa na miaka 41, na wazee wanasema titi lake lilikuwa limevimba na kutoboka. Dada yake mkubwa, mwenye miaka 38, sasa anatibiwa saratani ya matiti. Karatasi ya mwanamke huyu ina ishara mbili nzito: jamaa wa karibu wawili wa upande mmoja, na wote waliugua kabla ya miaka 50. Anafaa kumwona daktari hata kama hajisikii chochote.

Jirani yake ana miaka 36. Nyanya yake mzaa baba aliugua saratani ya matiti akiwa na miaka 74, na hakuna mwingine. Huyu, kwa kadiri karatasi inavyoonyesha, yuko karibu na hatari ya kawaida. Aendelee kuyafahamu matiti yake, yachunguzwe na muuguzi anapokwenda kliniki, na aanze mamogramu akifika miaka 40.

Wanawake hawa wawili wanaishi ploti moja na wana hofu moja, lakini vipimo vinavyowafaa ni tofauti.

Upimaji wa jeni hufanywa kwa damu au mate. Ikiwezekana, anayepimwa kwanza ni yule aliyeugua, si yule mzima. Katika mfano wetu, dada anayetibiwa ndiye angetangulia. Akipatikana na kasoro, basi mdogo wake anaweza kupimwa kasoro hiyohiyo moja, na jibu lake litakuwa la uhakika: anayo au hana. Akiwa hana, hatari yake hurudi karibu na ya wanawake wengine, na hatahitaji MRI ya kila mwaka. Kabla ya kupimwa, ni haki yako kuelezwa majibu yatakuwa na maana gani kwako na kwa watoto wako.

Kwa nini MRI?

Mamogramu hutumia eksirei. Nyama nzito ya titi la mwanamke kijana huonekana nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao huonekana mweupe; ni kama kutafuta yai kwenye bakuli la maziwa. MRI haitumii eksirei kabisa. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, pamoja na dawa ya kung'arisha picha inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Saratani hujitengenezea mishipa mingi ya damu, kwa hiyo hunyonya dawa hiyo haraka na kung'aa kwenye picha.

Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2004 uliwafuatilia wanawake 1,909 waliokuwa na hatari kubwa. Kati ya saratani zilizokuwa zimeanza kuvamia nyama ya titi, MRI ilionyesha karibu 8 katika kila 10, na mamogramu karibu 3 katika kila 10. Kuchunguza kwa mikono kulipata chini ya 2 katika kila 10. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uingereza wa wanawake 649 ulionyesha jambo kama hilo: asilimia 77 kwa MRI na asilimia 40 kwa mamogramu. Hata hivyo, mamogramu haiachwi, kwa sababu huona chembechembe ndogo za chokaa ambazo ni dalili ya baadhi ya saratani zilizo changa, na MRI yaweza kuzikosa.

Ubaya wake pia usemwe

MRI huona mengi, yakiwemo yasiyo saratani. Katika utafiti uleule wa Uholanzi, kati ya vipimo 100 vya wanawake wasio na saratani, MRI ilitia shaka katika 10 hivi, na mamogramu katika 5 hivi. Kila shaka ina gharama yake: picha nyingine, sindano ya kutoa kipande cha nyama kikapimwe maabara, nauli, na wiki kadhaa za kukosa usingizi. Kwa mwanamke wa hatari kubwa, mzigo huo una faida inayoushinda. Kwa mwanamke wa hatari ya kawaida, mara nyingi hauna. Hiyo ndiyo sababu madaktari hawampi kila mtu kipimo hiki, na si ubahili wala ubaguzi.

MRI pia haizuii saratani. Inaigundua mapema tu. Mwanamke mwenye kasoro ya BRCA anaweza kujadiliana na daktari kuhusu njia nyingine, kama vile dawa za kupunguza hatari, au upasuaji wa kuondoa matiti au ovari kabla ya ugonjwa. Huo ni uamuzi mzito unaotaka muda, na ni wa mwanamke mwenyewe.

Siku ya kipimo

Kwa mwanamke anayepata hedhi, siku nzuri ya kupigwa MRI ya matiti ni kati ya siku ya 7 na ya 14, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi. Siku nyingine titi lenyewe hung'aa zaidi na kuleta shaka zisizo na msingi. Weka miadi ukikumbuka hesabu hiyo.

Kwa kuwa mashine ni sumaku, hakuna chuma kinachoingia chumbani. Acha nje vipuli, mikufu, pini za kitambaa au hijabu, na vibanio vya nywele. Waambie wahudumu mapema kama una kifaa cha kusaidia moyo, chuma kilichowekwa baada ya kuvunjika mfupa, koili ya kupanga uzazi, au kipande chochote cha chuma mwilini. Kama wewe ni fundi wa kuchomelea au umefanya kazi ya jua kali, na cheche au vumbi la chuma liliwahi kukuingia jichoni, sema. Sumaku inaweza kulisogeza.

Sema pia kama una ujauzito, kwa kuwa dawa ile ya kung'arisha picha huepukwa kwa wajawazito. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu anaweza kupimwa damu kwanza ili kuhakikisha figo zake zinaweza kuitoa dawa hiyo.

Ndani ya chumba utalala kifudifudi, matiti yakiingia katika nafasi mbili za kifaa maalumu. Kitanda kitaingizwa kwenye mashine iliyo kama bomba pana, iliyo wazi pande zote mbili. Utasikia kelele za kugongagonga. Utapewa vifaa vya kuziba masikio. Kazi yako ni kutosogea kwa dakika 30 hadi 45 hivi. Hakuna maumivu ila ya sindano. Ukiwa na hofu ya mahali pa kubana, waambie kabla ya kuanza. Utakuwa na kitufe cha kuwaita wakati wowote.

Kusoma majibu

Ripoti ya picha za matiti hubeba nambari ya kuanzia 0 hadi 6. Nambari 1 au 2 ina maana kwamba hakuna dalili ya saratani. Nambari 3 ina maana kwamba kuna kitu ambacho huenda si kibaya, lakini kinahitaji kuangaliwa tena, mara nyingi baada ya miezi sita. Nambari 4 au 5 ina maana kwamba kipande cha nyama lazima kitolewe na kupimwa. Nambari 0 ina maana kwamba picha hazikutosha na zinahitajika nyingine. Nambari 6 ni ya mtu ambaye saratani yake imekwisha kuthibitishwa.

Nambari 4 si hukumu. Wengi wanaopewa nambari hiyo hupatikana hawana saratani baada ya maabara kupima. Usikatishe safari hapo kwa woga, na usikubali kuanza tiba ya saratani kabla ya maabara kuthibitisha.

Kutoka Free Area, uanzie wapi?

Kwanza, peleka karatasi yako ya familia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukiona haya au hujui wa kumwona, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba katika kijiji chako. Yeye hatakupima, lakini atakuelekeza.

Pili, omba barua ya rufaa. Kwa wakazi wa Free Area, Kiratina na Lanet, hospitali ya rufaa ni ile ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH. Huko madaktari wanaweza kukadiria hatari yako, na kuna kituo cha saratani kwa wale ambao ugonjwa umethibitishwa kwao.

Tatu, kama daktari ameamua kwamba unahitaji MRI ya matiti au kupimwa jeni, yeye ndiye atakayekuambia mahali kinapofanywa kwa sasa. Huenda ukaelekezwa Nairobi, kilomita 160 hivi kutoka hapa, au Eldoret, umbali unaokaribia huo. Kabla ya kulipa au kupanda matatu, piga simu kituoni na uulize maswali haya matano:

1. Je, mna kifaa maalumu cha MRI ya matiti? Mashine ya MRI inayopiga picha za mgongo au kichwa haitoshi bila kifaa hicho.
2. Bei mnayonitajia inajumuisha dawa ya kung'arisha picha na ripoti ya daktari?
3. Je, SHA italipa, na ni kiasi gani? Ni lazima niwe na idhini kabla ya kuja?
4. Shaka ikionekana, mnaweza kutoa kipande cha nyama papo hapo, au nitatumwa kwingine?
5. Nitapewa picha zangu pamoja na ripoti, ili mwaka ujao zilinganishwe?

Kuhusu bima, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Unaweza kujisajili kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#. Usingoje kuugua ndipo ujisajili. Na usidhani kwamba kinacholipiwa mgonjwa wa saratani ndicho kinacholipiwa mtu mzima anayefanya uchunguzi tu, thibitisha kwanza.

Na kama MRI haipatikani, au pesa hazijapatikana? Usikae bure. Mwanamke wa hatari kubwa anaweza kufanyiwa mamogramu na ultrasaundi kila mwaka, na matiti yake kuchunguzwa na daktari kila baada ya miezi 6 hadi 12. Utaratibu huo hauna macho makali kama MRI, lakini ni bora mara nyingi kuliko kungoja.

Kama una uvimbe leo, usingoje MRI

Yote yaliyosemwa hapa juu ni kwa mwanamke asiye na dalili. Ukigusa uvimbe kwenye titi au kwapani, ukiona ngozi imeingia ndani au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imegeuka au inatoa damu, au kidonda hakiponi, hiyo si habari ya uchunguzi wa kila mwaka tena. Nenda kituo cha afya wiki hii. Kipimo cha kwanza kitakuwa mikono ya daktari, kisha ultrasaundi au mamogramu, kisha sindano ya kutoa kipande cha nyama. WHO inapendekeza kwamba uchunguzi wote uwe umekamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitalini mara ya kwanza. Ziandike tarehe zako, na siku zikienda bila jibu, rudi ukaulize.

Usipakwe dawa ya kuchua, usipelekwe kwa mganga kwanza, na usiambiwe kwamba uvimbe usiouma hauna neno. Saratani nyingi za matiti huanza bila kuuma.

Akina baba, makala haya ni yenu pia. Historia ya dada zenu na mama zenu ndiyo historia ya binti zenu, na mara nyingi ninyi ndio mnaoijua. Jumapili hii familia ikikaa pamoja, itoeni karatasi ile, mwandike majina, magonjwa na umri. Jumatatu aliye na ishara apelekwe kituo cha afya akiwa nayo mkononi.